Protini nyingi wanga kidogo kwa bei za Dar: dagaa wako juu, unga wa makopo uko chini

Nianze na jibu kabisa maana najua wengine mnasoma mistari miwili mnaondoka: kama unataka kula protini nyingi na wanga kidogo na unaishi Dar au popote ambapo dagaa wanafika, nunua dagaa, mayai, vibua na firigisi, jaza sahani mboga za majani, na ile hela ya makopo ya unga wa protini iache kwanza mfukoni. Hivi vyote nimevipika, nimevila na nimevifanyia hesabu kwa muda mrefu, kwetu nyumbani kuna mtu wa sukari na mimi ndo ninayeenda sokoni, kwahiyo haya ni maoni yangu chakula kimoja kimoja, vingine ntaviongelea sana vingine ntavipitia tu.

Mi napima hivi: shilingi ngapi kwa gramu moja ya protini, alafu naangalia wanga kiasi gani unakuja humo humo. Basi. Bei zinapanda na kushuka kwahiyo weka za kwako, ila hesabu yenyewe rahisi. Tuseme trei ya mayai ni 9,000, mayai 30, yai moja la kawaida lina protini kama gramu 6, trei nzima gramu 180, yani gramu moja umeilipia shilingi 50 na wanga karibu hakuna, yai halifikishi hata gramu 1 ya wanga. Steki tuseme kilo 14,000, kilo ya nyama mbichi isiyo na mfupa ina protini kama gramu 200, hapo gramu ni shilingi 70. Dagaa wakavu tuseme kilo 15,000, na zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa aliyekauka vizuri ni protini, kwahiyo kilo inakupa gramu 500 na kitu, gramu moja haizidi shilingi 30. Sasa kopo la unga wa protini la kilo 2 tuseme 230,000, likiwa zuri robo tatu yake ndo protini, gramu 1,500, gramu moja shilingi 150 na ushee. Mara tano ya dagaa. Sijasema unga ni mbaya, ntaufikia, nasema tu ujue unacholipia.

Na wanga kidogo ni kidogo kiasi gani? Wataalamu wengi wanaita mlo wa wanga kidogo ule ambao kwa siku hauvuki gramu 130, na wale wa keto, yani wanaokata wanga karibu wote, wanashuka hadi chini ya 50. Ili uone hiyo namba ina maana gani huku kwetu, wali uliopikwa kila gramu 100 una wanga gramu 28, na sahani ya kawaida ya wali wetu haipungui gramu 300, kwahiyo mchana mmoja tu umeshakula gramu 80 na zaidi kabla hujagusa chapati ya asubuhi wala ugali wa usiku. Unga wa mahindi ndo usiseme, robo tatu ya uzito wake ni wanga, sembe au dona, dona ina nyuzinyuzi zaidi na ni bora ila wanga bado uko pale pale. Tangu maneno ya daktari wa moyo Profesa Mohamed Janabi ya kupunguza wanga na sukari yasambae kwenye simu za watu, nasikia kila mtu anasema ameacha wali, alafu ukimuangalia amehamia kwenye viazi vitamu, ndizi za kupika na uji wa lishe, ambavyo vyote ni wanga. Uji wa lishe hasa naomba mnielewe, jina zuri lakini ndani ni mahindi, mchele, ulezi na soya kidogo, ni chakula kizuri kwa kazi yake ila sio chakula cha protini nyingi.

Haya dagaa. Hapa ntakaa kidogo maana dagaa wana dharau wasiyostahili, mtu akija mgeni nyumbani unaona aibu kumpa dagaa unakimbilia soseji, na dagaa anaishinda soseji kila mahali, protini, madini, bei, na mifupa yake unaitafuna yote kwahiyo na kalisiamu unaipata. Wanga hana. Tatizo la dagaa ni moja tu, kununua bila kuangalia.

Dagaa wa Mwanza, yani wa Ziwa Victoria, kuna wanaoanikwa kwenye mchanga ufukweni na kuna wanaoanikwa kwenye chanja au nyavu. Tofauti yake utaisikia kwenye meno. Ukifika kwa muuzaji usianze na bei, chota kiganja, wasugue taratibu kwa mkono mwingine alafu warudishe kwenye gunia, angalia kiganja chako kimebaki na nini. Kikibaki na vumbi la fedha lile la magamba sawa, kikibaki na chenga za mchanga sogea meza ya jirani. Alafu rangi, dagaa mzuri anang'aa kifedha na mgongo una weusi kidogo, akianza kuwa wa njano au mwekundu kama kutu huyo mafuta yake yameshachacha, hata umkaange vipi atakuacha na ladha chungu kooni. Na harufu, dagaa ananuka dagaa hilo halina ubishi, lakini sio harufu ya uvundo wala ya ukungu. Mimi namuuliza muuzaji wangu moja kwa moja, "Mama, hawa wa chanja au wa mchanga?" na yeye ananijibu ukweli, "Hawa wa mchanga mwanangu, wa chanja wale pale ila wamezidi kidogo," na hiyo kuzidi kidogo nailipa kwa moyo mmoja maana kilo ya wa mchanga sehemu ya uzito unaoulipia ni mchanga wenyewe.

Wa Kigoma ni watamu zaidi na bei yake inajulikana, ukiwa na hela chukua. Wale wa baharini wa Zanzibar wengi wanachemshwa kwenye maji ya chumvi kabla hawajaanikwa, watamu sana lakini mtu wa presha aloweke kwanza amwage maji, na asiongeze chumvi kwenye kupika. Ng'onda na papa mkavu ni hivyo hivyo, protini nyingi mno ila chumvi yake ni nzito, nyumbani kwangu vinaingia mara moja moja.

Kupika: toa vichwa kama una muda, maana uchungu mwingi uko kichwani na tumboni, osha kwa maji ya uvuguvugu ukiwanyanyua na mikono kuwahamishia bakuli lingine, usimwage maji pamoja na dagaa maana mchanga unakaa chini na ukimwaga unaurudisha. Rudia hadi chini ya bakuli pawe safi. Alafu kausha kwenye kikaango bila mafuta mpaka waanze kulia, ndo uweke mafuta kidogo, kitunguu, nyanya, pilipili hoho, malizia na ndimu. Usiunge na unga wa ngano kuongeza rojo, nimeona watu wanafanya hivyo. Ukitaka rojo zito tia karanga za kusaga kidogo. Gramu 50 za dagaa wakavu kwa mtu mmoja ni kiganja kilichojaa na ushee, hapo umepata protini kama gramu 25 au zaidi, sawa na mayai manne. Nawapa 9 kwa 10, moja nimeitoa kwa ajili ya watu wa gauti, maana dagaa ni kati ya vyakula vinavyopandisha asidi ya uriki, kama kidole gumba cha mguu kinakuwakia moto usiku ongea na daktari kabla hujawafanya chakula cha kila siku.

Samaki wabichi mi nafuata Feri, pale Kivukoni pembeni ya kivuko cha kwenda Kigamboni, na nenda asubuhi mapema. Sababu sio bei peke yake. Mapema unakuta samaki ameshuka kwenye boti na mnada unaendelea, na hata usiponunua mnadani kwa ndoo, wale waliotoka kununua mnadani wanapanga mafungu hapo hapo na unaweza kuongea bei. Kuna kina kaka na kina mama wa kuparua, unawalipa kidogo wanakutolea magamba, matumbo na kukata vipande, kazi ambayo nyumbani ingekula saa nzima na kukuachia sinki linanuka. Hii huduma ya kuparua mi naipenda sana, wana mikono miepesi na ukisema "nikatie vya kuchoma" au "vya mchuzi" wanajua tofauti. Samaki wa kuangalia kwa mtu wa dayati hii ni vibua. Watu wanakimbilia changu na kolekole, ni wazuri, lakini kibua ni bei ya chini na ana mafuta yale mazuri ya samaki, ya omega 3, na protini yake iko gramu 19 hivi kwa kila gramu 100 za nyama mbichi. Jodari anapanda mpaka 23. Vyote wanga sifuri.

Angalia jicho, liwe limetokeza na angavu, sio limezama na lina ukungu. Fungua shavu uone wekundu. Bonyeza mgongo, kidole kikiacha shimo muache. Na hili la vibua na jodari lishike vizuri: hawa wakikaa kwenye joto bila barafu nyama yao inatengeneza histamini, na hiyo ukishaila uso unawaka, kichwa kinagonga, vipele vinatoka, tumbo linachafuka, watu wanasema "nina aleji ya samaki" kumbe samaki alikaa juani. Mbaya zaidi hiyo kitu haiondoki kwa kupika, uchemshe ukaange iko pale pale. Kwahiyo nenda na ndoo yenye mfuniko, nunua barafu hapo hapo, ndo uingie kwenye daladala. Ukienda saa saba mchana ukaona fungu la vibua bei ya kutupa usishawishike.

Samaki wa kukaanga wa barabarani ni mzuri kwa sababu kwetu hatumpaki unga, ni samaki na chumvi na ndimu tu, shida ni mafuta yaliyotumika tangu juzi. Yakiwa meusi kama oili ya gari ruka.

Mayai. Sina mengi, mayai ni 10 kwa 10. Kisasa na kienyeji protini zao zinakaribiana sana, ule unjano mkali wa kiini unatokana na chakula cha kuku, kwahiyo kama bajeti imebana nunua ya kisasa bila kujisikia vibaya. Na naomba niwasifie vijana wanaotembeza mayai ya kuchemsha na kachumbari na pilipili barabarani, hicho ndo kitafunwa bora kabisa cha wanga kidogo kwa mtu aliyekwama kwenye foleni, mayai mawili umepata protini gramu 12 na wanga gramu 1 hivi, wakati mwenzako amenunua maandazi mawili kwa hela inayokaribiana na saa moja baadaye ana njaa tena. Ila chipsi mayai sio mayai, hiyo ni sahani ya viazi iliyoshikanishwa na mayai mawili. Mwambie muuza chipsi akukaangie mayai matatu na hoho na kitunguu, pembeni mishkaki miwili mitatu na kachumbari, anakuangalia mara ya kwanza, mara ya pili anakuuliza mwenyewe "dada, ile ya kwako bila viazi?"

Kuku na ng'ombe kila mtu anavijua, nitapita haraka. Kifua cha kuku kilichoiva bila ngozi kina protini kama gramu 31 kwa gramu 100, hakuna nyama ya kawaida inayokizidi sana. Lakini kwa hela yangu firigisi zinashinda, zikiiva protini yake inakaribia hapo hapo kwenye 30, mafuta kidogo, na bei huwa chini ya kifua. Zinataka uvumilivu, chemsha na tangawizi na kitunguu saumu mpaka uma uingie bila kusukuma ndo uunge. Maini nayo safi kabisa kwa chuma na vitamini A, yana wanga kidogo sana kama gramu 4 au 5 kwa gramu 100, ila kwa sababu hiyo hiyo ya vitamini A mama mjamzito ayaepuke, na hata wengine mara moja kwa wiki inatosha. Supu ya kongoro asubuhi naipenda lakini msijidanganye kuwa ndo protini kamili, ule utelezi ni kolajeni na kolajeni haina vijenzi vyote vya protini ambavyo mwili unataka, kwahiyo kunywa supu alafu ongeza yai au vipande vya nyama humo. Na chapati mbili za pembeni ndo zinaharibu kila kitu.

Sasa maharage, na hapa najua ntagombana na watu. Kwa hesabu ya shilingi kwa gramu maharage yanawashinda hata dagaa, tuseme kilo 3,000 na ndani kuna protini gramu 210 au 220, gramu moja shilingi 14. Hakuna kinachoyafikia. Lakini kilo hiyo hiyo ina wanga gramu 600 hivi. Yakiiva, gramu 100 zina protini 9 na wanga 23, kwahiyo sahani ya wali maharage ni wanga juu ya wanga, sisi tu tumezoea kuyaita mboga. Choroko, kunde, mbaazi, dengu ni familia hiyo hiyo. Ila mi sikubaliani na wanaosema tuyatupe. Wanga wa maharage umekuja na nyuzinyuzi nyingi na sukari yake inapanda taratibu, sio kama wali mweupe, na kuna nyumba ambazo samaki kila siku haiwezekani, nyumba za watu wanaofanya kazi kwa bidii na wana wagonjwa wa sukari ndani, ukimwambia mama wa hivyo aache maharage umemuachia nini? Njia niliyoona inafanya kazi ni kuyafanya maharage yenyewe ndo wanga wa sahani: upawa mmoja wa maharage, mchicha au matembele mengi, kipande cha samaki au mayai mawili, na wali usiwepo au uwe vijiko vichache. Hapo mlo mzima unakaa kwenye wanga gramu 30 mpaka 40 na protini inavuka 20. Hii ndo sahani ninayoipigania kuliko zote kwenye andiko hili.

Karanga tamu na zina protini 26 kwa gramu 100, wanga 16 na nusu ya hizo ni nyuzinyuzi, ila kalori zake ni zaidi ya 560 kwahiyo kiganja kimoja sio mfuko. Korosho watu wanadhani ni sawa na karanga, hapana, korosho ina wanga kama 30 na protini 18. Kwenye karanga kuna jambo la kutisha zaidi ya wanga nalo ni sumukuvu, yani sumu inayotengenezwa na ukungu. Mnakumbuka mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa sumukuvu, ile ilitoka kwenye mahindi, lakini ukungu huo huo unapenda na karanga. Usinunue karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye unyevu au uchungu, na karanga za kusaga zilizosagwa bila wewe kuona zilivyokuwa mimi sinunui, nasagisha mwenyewe.

Maziwa glasi moja ya mililita 250 yana protini gramu 8 na wanga gramu 12, sio mabaya, sio bure. Mtindi usiotiwa kitu uko hapo hapo, na ukiuchuja kwenye kitambaa safi usiku kucha kwenye friji yale maji yanatoka na sehemu ya sukari ya maziwa inaondoka nayo, asubuhi una kitu kizito kama jibini laini, weka tango na pilipili manga, unakula na kijiko. Yogati za ladha ya stroberi na vanila rudisha kwenye shelfu.

Na hapo kwenye shelfu ndo nataka kusema. Supamaketi moja niliyopita karibuni walikuwa wamepanga kona nzima wameandika dayati, nikachukua soseji za kuku za kwenye hiyo kona nikageuza lebo: nyama ya kuku, maji, wanga wa mahindi, protini ya soya, ndo chumvi na vile vingine. Viungo kwenye lebo vinapangwa kuanzia kilicho kingi zaidi kwenda kidogo, kwahiyo kitu cha tatu kwenye hizo soseji ni wanga, na bei yake kwa kilo ilizidi ya kuku mzima. Pembeni kulikuwa na biskuti zimeandikwa hazina sukari, nageuza nakuta wanga gramu 60 na kitu kwa gramu 100, maana kutokuwa na sukari sio kutokuwa na unga. Soma safu ya kwa gramu 100, sio ile ya mgawo, maana mgawo wanaupanga wao, wanaweza kuandika mgawo ni biskuti mbili. Angalia wanga jumla, angalia protini, ndo uamue. Kona za namna hiyo mimi siziamini, nampa 2 kwa 10 aliyeipanga na hizo mbili ni za parachichi zilizokuwa hapo maana parachichi ni sahihi kabisa, wanga wake mwingi ni nyuzinyuzi.

Unga wa protini, nilisema ntaufikia. Una watu wake. Mzee asiye na hamu ya kula, mtu anayepona upasuaji ambaye daktari amemwambia aongeze protini, kijana wa jimu anayetoka kazini saa mbili usiku, kijiko kimoja kikubwa kinakupa gramu 20 mpaka 25 na maji tu. Sawa. Lakini vijana wengi wananunua yale makopo makubwa ya kuongeza mwili wakidhani ni protini, geuza lebo uone, mengi zaidi ya nusu ni wanga, ndo maana ni matamu na ndo maana yanaongeza kilo. Na ule unga unaopimwa kwenye mifuko ya nailoni bila lebo wala nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), eti umetoka kwenye ndoo kubwa, usiweke mdomoni, huwezi kujua ni maziwa ya unga, ni wanga au ni nini. Mtu mzima wa kawaida anahitaji protini kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake, anayefanya mazoezi makali anapanda 1.2 mpaka 1.6, kwahiyo mtu wa kilo 70 ni kati ya gramu 56 na 112. Mayai mawili asubuhi, kibua wa wastani mchana, dagaa usiku, hiyo 56 umeshaifika bila kopo.

Mboga za majani msiziache ati kwa sababu mmeanza protini. Choo kigumu ndo kinawarudisha wengi kwenye ugali. Mchicha, matembele, kabichi, bamia, nyanya chungu, bilinganya, tango, vyote wanga wake mdogo. Maji ya kutosha. Wiki ya kwanza kichwa kinauma na mwili unalegea kwa sababu maji na chumvi vinatoka kwa wingi, na zile kilo zinazoshuka haraka mwanzoni nyingi ni hayo maji, kwahiyo usishangae zikipunguza mwendo baadaye.

Na hili nasema kwa uzito wote kwa sababu nimeliona ndani ya nyumba yangu: kama mtu wako anatumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, asikate wanga ghafla bila kuongea na daktari wake kwanza. Dozi ilipangwa kwa chakula alichokuwa anakula, ukiondoa wali dawa ikabaki ile ile sukari inashuka chini kabisa, jasho linamtoka, anatetemeka, anaweza kupoteza fahamu. Dozi inapangwa upya na daktari, mashine ya kupimia iwe karibu. Mwenye shida ya figo naye asipandishe protini kwa kusoma andiko la mtu mtandaoni, kipimo cha figo kwanza.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii, kikapu cha kwangu kwa watu wazima wawili kiko hivi: trei ya mayai, dagaa wa chanja nusu kilo, vibua kilo mbili nikifika Feri wanaparuliwa na kugandishwa kwa mafungu ya siku moja moja, firigisi kilo moja, maharage nusu kilo, karanga robo, mtindi lita mbili, maparachichi, ndimu, na mboga za majani ninazonunua kila siku mbili kwa mama wa genge maana zikilala kwenye friji zinapoteza ladha. Dagaa wahifadhi kwenye kopo lenye mfuniko unaokaza, wakiwa wakavu kabisa, na kama mtaa wako una unyevu kama wetu wakati wa masika waweke kwenye friza, hawagandi wakashikana na unachota tu unapotaka kupika.